Chumba Kando ya Stoo: Walimu Washauri wa Kenya na Miaka ya Korona

Jumapili ya Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Za kutwa zilifunga kesho yake. Za bweni zilipewa hadi Jumatano, vyuo vikuu hadi Ijumaa. Stendi za matatu zilifurika masanduku ya bati, ndoo, magodoro yaliyofungwa kamba, na vijana wenye furaha ya watu waliopewa likizo wasiyoitarajia. Shuleni kila mtu alikuwa na lake la kufunga. Mtunza bohari alitia stoo kufuli, mwalimu wa mitihani akafunga kabati lake, mpishi akazima jiko. Mwalimu wa ushauri nasaha alibaki na kitu kisichofungika. Kila mwalimu wa aina hiyo huwa na mwanafunzi aliyeanza kufunguka juma lililopita, na mwingine aliyeahidi kurudi Alhamisi. Wote wawili walipanda matatu wakaenda zao.

Mhadhara huu unamhusu mwalimu huyo, na hoja yake ni moja. Kenya ilimweka shuleni ili apunguze migomo, kisha ikaja korona, na ghafla akatakiwa atibu huzuni. Kazi hizo mbili hazifanani. Wala hazifanywi na mtu yuleyule, katika chumba kilekile, ndani ya dakika zilezile za mapumziko ya saa nne.

Historia ya kazi yenyewe inaeleza mengi. Kitengo cha ushauri katika Wizara ya Elimu kilianzishwa mwaka 1971, na shughuli yake kubwa ilikuwa kuwaelekeza vijana kwenye ajira na masomo ya mbele. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza huduma hiyo ienezwe shuleni. Kwa miaka mingi ilibaki hivyo, jambo la kumsaidia mtoto kuchagua kati ya ualimu na ukarani. Kisha yakaja majanga ya bweni. Wasichana 19 walifariki katika shule ya St. Kizito, Meru, mwaka 1991. Wasichana 26 waliteketea katika shule ya Bombolulu mwaka 1998. Machi 2001, wavulana 67 waliungua hadi kufa katika bweni la Kyanguli, Machakos. Jopo lililoongozwa na Naomi Wangai lilizunguka nchi likiuliza kwa nini wanafunzi wanachoma shule, na miongoni mwa majibu yake lilitaka ushauri nasaha uimarishwe. Mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku adhabu ya viboko.

Kwa hiyo kiboko kilipotolewa kwa mlango wa mbele, ushauri uliingizwa kwa mlango wa nyuma, na wengi wakauelewa kuwa ni kiboko cha maneno. Mpaka leo, katika shule nyingi, mwanafunzi hufika kwa mwalimu mshauri akiwa na kikaratasi cha naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ndiye mkuu wa nidhamu. Amekamatwa na simu, au ameruka ua, au amemjibu kiranja vibaya. "Mpe ushauri kabla hajaenda nyumbani kuleta mzazi." Aliyekuja kwa hiari yake na aliyeletwa kwa kosa huketi kiti kimoja, na darasa zima linajua hivyo.

Chumba chenyewe mtu anaweza kukichora bila kukiona. Kiko kando ya stoo ya vitabu, na pengine kilikuwa stoo ya majembe na mafyekeo kabla ya kupandishwa cheo. Ndani mna viti viwili vya plastiki, meza iliyobeba madaftari ya insha yanayosubiri kusahihishwa, na bango la UKIMWI la miaka ishirini iliyopita lililopauka pembeni. Dirisha linatazama uwanja wa gwaride. Msichana akiingia saa nne na dakika kumi, atakapotoka shule nzima itakuwa imemwona, na kabla ya chakula cha jioni bweni litakuwa limeshaamua kama ana mimba au ana mashetani. Ndiyo maana mazungumzo mengi ya maana hufanyika kwingine: kwenye bomba la maji, kwenye njia ya kwenda kanisani au msikitini, au pale mwalimu anapobebewa vitabu hadi kwenye chumba cha walimu na mbebaji hataki kuondoka.

Mzigo wake wa kazi ni kisa kingine. Kiwango cha Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kwa mwalimu wa sekondari ni vipindi 27 kwa wiki, kila kimoja cha dakika 40. Mkuu wa idara ya ushauri hupunguziwa vichache, kwenye karatasi. Baada ya hapo kuna kusahihisha, zamu ya bweni, michezo, na mikutano. Chama cha washauri wa shule cha Marekani hupendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Kenya haiwezi hata kuanza kupiga hesabu hiyo, kwa sababu mshauri asiyefundisha somo lolote ni nadra katika shule za umma, na hakuna anayeweza kugawanya kwa sufuri.

Huyo ndiye mtu ambaye korona ilimkuta.

Miezi ya kwanza ilimnyang'anya vifaa vyake vyote. Mshauri wa shule hutegemea kuona. Huona nani ameacha kula, nani amebadilisha kiti, sare ya nani haijafuliwa, nani anacheka kwa sauti kuliko kawaida. Sasa watoto walikuwa majumbani, na kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilikuwa imeanza Machi 27. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipeleka masomo kwenye redio ya KBC, runinga ya elimu na intaneti. Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa imeonyesha kwamba chini ya robo ya Wakenya walitumia intaneti, na kwamba redio ilikuwapo katika zaidi ya nusu ya nyumba. Redio, basi, ilikuwa chaguo la busara. Lakini redio inaweza kufundisha hesabu za sehemu. Haiwezi kumuuliza mtoto amelalaje, kisha ikanyamaza ikisubiri jibu.

Ikabaki simu. Namba iliyoandikwa kwenye rejista ya shule aghalabu ni ya baba, au ya shangazi anayelipa karo. Baba huondoka na simu alfajiri. Akirudi jioni, kafyu imekaribia, nyumba ni chumba kimoja, runinga inazungumza, na watu sita wamekaa kitandani na sakafuni. Salamu ya kwanza anayopata mtoto ni "Mwalimu wako anakutafuta, umefanya nini?" Spika inawashwa ili kila mtu asikie. Mwalimu anauliza hali.

"Niko sawa, mwalimu."

Hapo salio limeisha, na ni salio lililotoka mfukoni mwa mwalimu. Wenye ujuzi walibadilisha mbinu. Walianza na habari za masomo ili wenye nyumba wapoteze hamu ya kusikiliza, kisha wakauliza maswali yanayojibika kwa ndiyo na hapana. Uko peke yako? Kuna mtu anayekuumiza? Nikupigie kesho mchana? Ni ufundi ambao wahudumu wa simu za dharura za watoto waliujua zamani. Namba 116 ya Childline Kenya ilikuwa ikipokea simu bila malipo miaka mingi kabla ya korona, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilikuwa na 1199 kwa msaada wa kisaikolojia. Mwalimu mshauri ambaye hakuwa na lingine la kumpa mwanafunzi alimpa tarakimu hizo, zikaandikwa nyuma ya daftari au kwenye kiganja.

Kuna jambo moja la miezi hiyo ambalo halijapewa uzito unaostahili, nalo ni misiba. Kuanzia Aprili 6 hadi mapema Julai 2020, watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake. Mombasa, Kilifi na Kwale nazo zilifungwa siku mbili baadaye. Mazishi yalipunguzwa hadi waombolezaji 15. Aliyefariki kwa korona alizikwa upesi, mbele ya watu waliovaa mavazi meupe ya plastiki. Katika nchi ambayo matanga huchukua siku kadhaa, ambapo mtoto hujua babu amekufa kwa kuona ng'ombe wakichinjwa, hema likisimamishwa na jamaa wakishuka kwenye mabasi, watoto wengi waliambiwa tu kwa simu kwamba bibi ameshazikwa. Hawakulia pamoja na mtu. Hawakutupa udongo. Waliporudi shuleni, msiba huo ulijitokeza kwa majina mengine: kichwa kinachouma kila Jumatatu, usingizi darasani, ugomvi kwenye foleni ya chakula. Mwalimu aliyeuliza "Nani alifariki kwenu mwaka jana?" mara nyingi alifika karibu na shina la tatizo kuliko aliyeuliza "Una shida gani?" Swali la pili mwanafunzi hulijibu kwa kutazama viatu.

Julai 7, 2020, Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo ulikuwa umepotea. Hakutakuwa na mitihani ya kitaifa ya KCPE wala KCSE mwaka huo, na shule zitafunguliwa Januari. Kwa mtahiniwa wa Kidato cha Nne aliyekuwa amehesabu miezi minane hadi uhuru, tangazo lile lilimrudisha mwanzo wa mstari. Miezi mitatu baadaye mambo yakabadilika tena: Oktoba 12, Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne waliitwa kurudi, na mitihani ikapangwa Machi 2021. Ukimuuliza mtu mzima yeyote ni nini kilichomchosha zaidi wakati wa korona, atakutajia kutojua la kesho. Watahiniwa waliishi hivyo kwa mwaka mzima, na waliambiwa waendelee kusoma.

Wengi hawakuendelea. Walikwenda kwenye mjengo kubeba kokoto, kwenye machimbo ya mchanga, kwenye bodaboda, kwenye mashamba ya chai na mibuni, kwenye nyumba za watu kulea watoto wa wenzao. Shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 4, 2021, mwanafunzi wa miaka 16 aliyekuwa akipeleka nyumbani shilingi mia tatu kwa siku alitakiwa aombe ruhusa ya kwenda msalani. Sehemu kubwa ya kile kilichoitwa utovu wa nidhamu mwaka huo ilianzia hapo. Nyumbani alikuwa mtu wa kuulizwa kuhusu unga, na shuleni alirudi kuwa mtoto wa kukaguliwa nywele.

Kwa wasichana takwimu zipo, na ni nzito. Watafiti waliwafuatilia wasichana 910 wa shule 12 za sekondari za kutwa katika kaunti ya Siaya, wakilinganisha waliomaliza kabla ya korona na waliofungiwa nje ya shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: waliopitia kufungwa kwa shule walikuwa na hatari mara mbili zaidi ya kupata mimba kabla ya kumaliza, na mara tatu zaidi ya kuacha shule. Utafiti mwingine wa Population Council, uliofanywa Nairobi, Kisumu, Kilifi na Wajir, ulikuta kwamba asilimia 16 ya wasichana na asilimia 8 ya wavulana hawakurudi shule zilipofunguliwa. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa karo. Hili linafaa kurudiwa mbele ya kila anayedhani afya ya akili ya mwanafunzi ni suala la hisia peke yake. Mzazi aliyeachishwa kazi hotelini Malindi, deni la muhula uliokatizwa, na ujumbe wa mhasibu wa shule kwenye simu: mshauri hawezi kuvitibu hivi kwa mazungumzo, lakini ndiye anayeletewa mtoto anayetetemeka kwa sababu yake.

Januari ile serikali ilisema madarasa yakijaa watoto wafundishwe chini ya miti. Kila mtu alivaa barakoa. Sasa mfikirie mwalimu mshauri katika chumba chake kando ya stoo. Kanuni zilimtaka akae mbali na mwanafunzi mita moja na nusu, mlango na dirisha wazi hewa ipite. Siri husemwa kwa kunong'ona, na kunong'ona kunahitaji ukaribu. Mtoto aliyetaka kusema kwamba mjomba alikuwa akiingia chumbani usiku ilimbidi apaze sauti ipite kitambaa cha barakoa, na nje ya dirisha lililo wazi kuna foleni ya kunawa mikono. Wengine walihamia chini ya mwembe, mbali na majengo, mwalimu na mwanafunzi wakikaa ubavu kwa ubavu wakitazama upande mmoja. Hapo wakagundua jambo: vijana wa miaka 15 husema mengi zaidi wasipotazamwa usoni. Ni moja ya faida chache za msimu ule.

Pesa zilikuwapo, ingawa si kwa ajili hii. Mpango wa kufufua uchumi uliotangazwa Mei 2020, wa shilingi bilioni 53.7, uliipa elimu walimu 10,000 wa ziada, wanagenzi 1,000 wa teknolojia ya habari, na madawati 250,000 yatengenezwe na mafundi wa hapa nchini. Mafundi wa jua kali walipata kazi, na hilo ni jema. Washauri wa shule hawakutajwa katika orodha ile. Mwezi Julai mwaka huohuo, jopo la kitaifa la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikabidhi ripoti iliyotaka hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Ripoti na madawati vilitoka katika mwaka mmoja. Madawati yalifika shuleni.

Kilichofika shuleni pia ni hofu ya wakubwa. Katika majuma ya kwanza ya 2021 walimu walishambuliwa, na mabweni kadhaa yalichomwa. Waziri Magoha alisema hadharani kwamba wakati umefika wa kufikiria kurudisha kiboko, na wazazi wengi walimuunga mkono. Si vigumu kuelewa hasira ile. Mwalimu aliyechomwa kisu hahitaji mhadhara kuhusu saikolojia ya vijana. Lakini tazama jinsi mduara ulivyojifunga. Mwaka 2001 ushauri uliletwa uchukue nafasi ya kiboko. Miaka ishirini baadaye, ushauri ukiwa haujapewa muda wala chumba, ulihukumiwa kuwa umeshindwa, na aliyetajwa kuwa mrithi wake ni yuleyule aliyefukuzwa.

Baadaye mwaka huo kalenda yenyewe ikawa adui. Ili kufidia muda uliopotea, mihula minne ilibanwa ndani ya miezi kumi na miwili. Muhula wa kwanza wa 2021 ulianza Julai 26 ukaisha Oktoba 1. Wa pili ukaanza Oktoba 11. Mwanafunzi wa bweni aliyesafiri kutoka Kakamega hadi Lamu alifua nguo, akalala siku chache, akafunga sanduku tena. Oktoba na Novemba wimbi la moto likarejea, serikali ikalazimika kuwapa wanafunzi mapumziko ya katikati ya muhula. Si haki kuitwika korona moto wote: mwaka 2016, kabla ya virusi hivyo kujulikana, shule zaidi ya 100 zilichomwa katika muda mfupi. Hata hivyo, mwalimu mshauri aliyeulizwa maoni yake kuhusu kalenda hiyo kabla haijachapishwa, kama alikuwapo, alikuwa na bahati ya pekee.

Kulikuwa na ukuta mwingine, wa sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, adhabu yake hadi kifungo cha miaka miwili. Mwanafunzi aliyetaka kumwambia mwalimu kwamba amechoka kuishi alikuwa, kwa maandishi ya sheria, mtu anayekaribia kukiri kosa. Wanafunzi hawasomi kanuni za adhabu, lakini husikia habari za jirani aliyeokolewa kisha akapelekwa kituo cha polisi. Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025, miaka mitano baada ya msimu ambao kilihitajika kuondolewa zaidi. Kwa upande wa dhuluma za kingono, waraka wa TSC wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu aripoti upesi anachojua, na hilo ni sahihi kabisa. Ugumu ni kwamba mtoto aliyeambiwa "nitakutunzia siri" anastahili kuambiwa mapema ni siri gani haitunziki. Wengi wa walimu hawa hawakuwahi kufundishwa namna ya kuyasema maneno hayo mawili bila mtoto kuufunga mlango.

Majirani walipitia njia tofauti. Tanzania ilifunga shule Machi 17, 2020 na kuzifungua zote Juni 29, baada ya Kidato cha Sita kutangulia Juni 1. Kwa hesabu ya muda, watoto wake walipata nafuu kubwa. Lakini takwimu rasmi za ugonjwa ziliacha kutangazwa mwaka huo zikiwa 509, na waliofariki walisemwa kuwa na changamoto ya upumuaji. Mwalimu wa malezi aliyekuwa na mwanafunzi aliyefiwa na mzazi wake mwanzoni mwa 2021 alitakiwa kumfariji mtoto kuhusu jambo ambalo watu wazima walilizungumza kwa chini chini. Uganda ilikwenda upande wa pili kabisa. Shule zake zilifungwa kikamilifu au kwa sehemu kwa takriban majuma 83, muda mrefu kuliko kwingine kokote duniani, na wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika. Zilipofunguliwa Januari 10, 2022, serikali iliruhusu wasichana wajawazito na wanaonyonyesha warudi darasani. Tanzania ilikuwa imeondoa marufuku yake ya muda mrefu dhidi ya wasichana hao Novemba 2021. Amri ya kumpokea msichana mwenye mtoto huandikwa kwa siku moja. Kumzuia asichekwe anapotoka darasani saa sita kwenda kukamua maziwa ni kazi ya kila siku, na mtu wa kuifanya ni yuleyule mwenye vipindi 27.

Je, kuna kilichofanikiwa? Kipo, na kilianza kabla ya korona. Tom Osborn, kijana Mkenya aliyesomea saikolojia Harvard, alianzisha na wenzake mradi wa Shamiri kwa dhana rahisi: kwa kuwa madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini walikuwa wapatao mia moja tu, vijana waliomaliza sekondari juzi wafunzwe kuongoza vikundi vya wadogo zao. Vikao ni vinne, kimoja kwa wiki, cha saa moja. Hawazungumzi kuhusu ugonjwa. Huzungumza kuhusu jinsi mtu anavyoweza kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Jaribio lililofanywa mwaka 2019 kwa wanafunzi 413 wa shule nne za Nairobi na Kiambu, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, lilionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa walioshiriki kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Siri ya mafanikio yake haiko katika masomo manne peke yake. Kiongozi wa kikundi ana miaka 19, hana wino mwekundu, hawezi kumpeleka mtu nyumbani akalete mzazi, na hajui mama wa mwanafunzi ana deni kiasi gani. Kwa maneno mengine, hana kikaratasi cha naibu wa mwalimu mkuu. Hilo linasema mengi kuhusu kinachomfunga mwalimu mshauri wa kawaida. Wala haina maana kwamba aondolewe. Kati ya vijana kumi na wawili walioketi kwenye kikundi, mmoja huwa na tatizo lisilobebwa na vikao vinne, na mtu wa kulitambua, kumpigia mzazi simu na kumsindikiza mtoto hadi hospitali ya kaunti lazima awe mtu mzima anayelala karibu na shule.

Ambacho mtu huyo anahitaji kinajulikana, na sehemu kubwa yake haidai jengo jipya. Apunguziwe vipindi mpaka abaki na siku mbili za wiki zisizo na darasa. Mashauri ya nidhamu yapelekwe kwa mtu mwingine, hata kama ni mwalimu wa chumba cha pili. Chumba chake kiwe na mlango unaotazama mahali ambapo si uwanja wa gwaride. Alipwe salio la simu wakati wa likizo, kama vile kocha wa mpira anavyolipiwa nauli ya mashindano.

Aprili 2024 mvua za masika zilileta mafuriko, na muhula wa pili uliokuwa uanze Aprili 29 ukaahirishwa mara mbili, hadi Mei 13. Shule nyingine zenyewe zilikuwa zimegeuka kambi za waliopoteza nyumba. Zilikuwa siku kumi na nne tu, lakini maswali yalikuwa yaleyale ya Machi 2020: fulani yuko wapi, analala kwa nani, simu ni ya nani. Mkaguzi wa elimu akifika shuleni huomba kuonyeshwa maazimio ya kazi, rekodi ya kazi na rejista ya mahudhurio. Anaweza kuomba karatasi moja zaidi kutoka kwa mwalimu mshauri: namba ya simu ambayo kila mwanafunzi aliye chini ya uangalizi wake amesema inaweza kupigwa, na saa ambayo anaweza kuipokea akiwa peke yake.